Kabla Ulipie Shoki "Mpya", Jifunze Kufungua Nati Mbili

Wasee, wacha nianze na mayai.

Mathe huuza mayai. Mara nne kwa wiki anaamka saa kumi na moja asubuhi, anakunja viti vya nyuma vya Vitz yetu, anaenda kwa mfugaji mmoja upande wa Juja na kupakia trei 40, kisha anarudi kuzisambaza kwa vibanda vya Githurai na Zimmerman. Trei moja ni mayai 30. Piga hesabu: mayai 1,200 yamekaa nyuma ya gari ndogo, juu ya tairi mbili ambazo zinapita kila shimo na kila tuta kati ya shamba na mtaa.

Tulikuwa tumezoea mayai mawili matatu kuvunjika kwa safari. Hayo tulikuwa tunakula. Halafu mwaka jana yakaanza kuongezeka. Kumi. Kumi na tano. Siku moja nikahesabu 23. Mathe akasema ni trei mbovu, akanunua zingine. Akasema ni mfugaji anampa mayai ya ganda laini, wakagombana. Mimi nikasema labda ni vile anaendesha. Hiyo jioni nilijipikia.

Shida ilikuwa shoki za nyuma. Wengine huziita shokomzoba, wengine shokabzoba, sisi hapa kwetu tunasema shoki. Na hapa ndipo pananiuma hadi leo: shoki hizo zilikuwa zimebadilishwa miezi mitano tu kabla ya hapo. Zilikuwa "mpya". Mathe alilipa 11,000 za shoki na 2,000 za kazi.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watanicheka: kama nyumbani kwenu kuna gari, unafaa kubadilisha shoki za nyuma kwa mikono yako angalau mara moja maishani. Si lazima uwe makanika. Si lazima hata uokoe pesa. Fanya hivyo kwa sababu kitu ambacho hujawahi kukishika, mtu anaweza kukuuzia mara mbili na useme asante.

Shoki hufanya nini, kwanza

Wengi wetu tunadhani shoki ndiyo hubeba gari. Sivyo. Uzito wa gari unabebwa na springi. Kama ulisoma fizikia ya kidato cha pili, unakumbuka ile sheria ya Hooke: vuta springi, inarefuka, iachilie, inarudi. Mwalimu alituchorea springi na vijiwe vya gramu 100, tukapita mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo springi iko chini ya gari ya mamako.

Shida ya springi ni kwamba haijui kuacha. Ukigonga tuta, inajikunja, inarudi, inapita pale ilipofaa kusimama, inajikunja tena. Ingekuwa ni springi pekee, gari ingerukaruka kama mtoto kwa kitanda hadi mtaa wa pili. Kazi ya shoki ni kuituliza. Ndani yake kuna mafuta, na kuna pistoni yenye matundu madogo sana. Pistoni ikisukumwa, mafuta yanalazimika kupenya kwa hayo matundu polepole, na ile nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukigusa shoki nzima baada ya barabara mbaya utaipata ina joto.

Sasa mafuta yakivuja, au matundu yakichakaa, hiyo kazi haifanyiki. Gari bado inasimama vizuri, bado inapendeza ukiiangalia, kwa sababu springi iko. Lakini kila tuta linakuwa matuta matatu. Kila yai linagonga jirani yake mara tatu. Na si mayai pekee: tairi ambayo inarukaruka haishiki lami vizuri, kwa hivyo hata breki zinakuwa dhaifu, na tairi yenyewe inaanza kulika kwa mabaka mabaka. Ukipitisha mkono juu yake unasikia mawimbi.

Hiyo ndiyo ilinishtua. Nilikuwa naosha gari, nikapitisha mkono kwa tairi ya nyuma upande wa kushoto, nikasikia milima na mabonde. Nikasukuma buti chini kwa nguvu, nikaachilia. Ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Gari yenye shoki nzima hupanda mara moja na kutulia. Hilo jaribio halimalizi mjadala, maana kuna shoki mbovu ambazo hulipita, lakini yetu haikuwa hata inajificha.

Nikamwambia mathe. Akasema, "Wewe kijana, hizo shoki ni mpya. Usinipandishe presha."

Gereji walisema nini

Tulirudi kwa ile gereji. Sitaitaja, na haijalishi ni gani, kwa sababu stori yenyewe unaijua. Tulipofika, fundi alisukuma buti mara moja, akatingisha kichwa, akamwambia mathe, "Mama, barabara zetu unazijua. Hizi huisha haraka." Nikaomba risiti ya siku ile. Hakukuwa na risiti. Pesa ilikuwa imetumwa kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Nikauliza shoki za zamani zilienda wapi. Akacheka. "Bosi, hizo huenda kwa vyuma kuukuu." Nikauliza boksi za zile mpya ziko wapi. Hapo hakucheka.

Mathe alikuwa kimya njia nzima tukirudi. Tulipofika nyumbani akasema kitu kimoja tu: "Mimi ningejua aje?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike hii kitu. Mathe si mjinga. Anaweza kuangalia trei ya mayai akakwambia ni kuku wa wiki ngapi. Hakuna mtu anaweza kumuuzia yai bovu. Lakini shoki ziko chini ya gari, nyuma ya tairi, na yeye alikuwa ameketi kwa benchi akinywa soda aliyonunuliwa na watu waliokuwa wanamuibia.

Jumamosi, kwa kabro ya ploti

Nilinunua shoki mpya mimi na yeye, Kirinyaga Road, mchana, tukiwa wawili. Tulizunguka maduka matatu tukiuliza bei kabla ya kutoa pesa. Mwishowe tukalipa 4,800 kila moja, zikiwa kwa boksi, na risiti yenye jina la duka na stempu. Kama umekuwa pale unajua kuna za bei ya chini sana, na kuna zile za kutoka Japani zilizotumika. Sisi tulichukua mpya, na tukachukua mbili. Shoki hubadilishwa jozi. Ukiweka moja mpya na moja nzee, upande mmoja wa gari unatulia na mwingine unacheza, na kwa kona hutapenda.

Jumamosi saa tatu nikaanza. Nilikuwa na jeki ya gari, wili spana, seti ya soketi ya kuazima, na kiburi. Nikaegesha mahali pamenyooka, nikavuta handibreki, nikaweka gia kwa P, nikapandisha nyuma, nikatoa tairi. Nikalala chini kuangalia bolti iko wapi.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya mzee wa nyumba ya chini. Ni dereva mstaafu, aliendesha malori miaka mingi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana, toka hapo chini polepole."

Nikatoka.

"Gari imeshikwa na nini?"

"Na jeki, Mzee."

"Na jeki ikiteleza?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena, "Na hiyo handibreki, inakamata tairi gani?" Nikafikiria. Handibreki ya Vitz inakamata tairi za nyuma. Zile zile ambazo moja ilikuwa hewani na nyingine karibu iwe hewani. Kilichokuwa kinazuia gari isisonge ni gia ya P peke yake kwa tairi za mbele, na jeki nyembamba juu ya kabro.

Mzee akarudi kwake, akaleta stendi mbili za chuma na vipande viwili vya mbao. Mbao zikaenda mbele na nyuma ya tairi za mbele. Stendi zikaenda chini ya gari, pale pa kupandishia, pale penye chuma kigumu. Halafu akaishika gari akaitingisha kwa nguvu. Haikusonga. "Sasa ingia," akasema.

Nakuambia hii kwa sababu kuna video nyingi sana za kijana ameingia chini ya gari ikiwa kwa jeki tupu, na muziki poa nyuma yake. Jeki ni ya kupandisha. Stendi ndiyo ya kushikilia. Kama huna stendi, azima. Kama huwezi kuazima, lala nyumbani hiyo Jumamosi. Hakuna shoki inatosha kifo chako.

Kazi yenyewe

Baada ya hapo, kazi ilikuwa ndogo hadi nikaona aibu. Kwa Vitz kama yetu, springi ya nyuma imekaa peke yake na shoki imekaa peke yake. Hazijashikana. Kwa hivyo huhitaji kukunja springi ndio utoe shoki. Upande mmoja una nati moja juu na bolti moja chini. Basi.

Nati ya juu hutaiona ukiwa chini ya gari. Iko ndani ya buti, nyuma ya plastiki ya pembeni. Unatoa plastiki taratibu usiivunje, unaona nati imekaa juu ya raba na wosha. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Mpangilio wa zile raba na wosha una maana, na ukifika wakati wa kurudisha hutakumbuka ni gani ilikuwa juu. Ile nati ukiizungusha, fimbo ya shoki inazunguka nayo, kwa hivyo lazima ushikilie kichwa cha fimbo na spana nyingine. Usishikilie ile sehemu laini inayong'aa na vaisi gripu. Ukiikwaruza, inakwaruza sili kila ikipanda na kushuka, na mafuta yataanza kuvuja. Umeharibu shoki kabla haijafanya kazi hata siku moja.

Kabla ya kutoa bolti ya chini, kuna kitu kimoja ambacho mzee alinisimamia. Weka jeki ya pili chini ya ekseli ya nyuma, isukume kidogo hadi iguse na ibebe. Shoki ndiyo huzuia ekseli isishuke sana. Ukiitoa bila kushikilia ekseli, inaweza kuanguka ghafla, springi inaweza kuchomoka, na mpaipu wa breki unaweza kuvutwa. Jeki ikiwa imeshikilia, bolti inatoka bila drama.

Yetu ilikuwa na kutu. Tuliipulizia mafuta ya kulegeza kutu, tukaenda kunywa chai, tukarudi. Usipigane na kutu. Ipe muda.

Shoki mpya ikitoka kwa boksi, usiifunge hivyo hivyo. Isimamishe wima, isukume chini hadi mwisho, iachie irudi, mara nne au tano. Hewa inaweza kuwa imeingia mahali pa mafuta ikiwa imelazwa dukani, na hiyo ndiyo njia ya kuitoa. Kisha funga juu, ingiza bolti ya chini, lakini usiikaze kabisa bado. Ile bolti imepita katikati ya bushi ya raba. Ukiikaza gari ikiwa inaning'inia, raba inashikwa ikiwa imejipinda, na gari ikishuka inabaki imenyongwa siku zote. Pandisha ekseli kwa jeki hadi ibebe uzito wa gari kama vile imesimama barabarani, halafu ndio ukaze.

Saizi za spana sitakupa. Pima nati yako mwenyewe. Gari zinatofautiana, hata Vitz na Vitz.

Upande wa kwanza ulinichukua saa mbili. Wa pili, dakika arobaini.

Tulichokipata

Tulipotoa shoki ya kwanza, mzee aliishika, akaisukuma chini kwa kidole gumba. Ilienda chini yote, bila kubisha, ikabaki huko. Haikurudi. Yangu mpya nilikuwa naisukuma kwa mikono miwili.

Halafu akatoa ufunguo mfukoni, akaukwaruza ubavuni. Rangi nyeusi ikatoka kama ganda. Chini yake kulikuwa na kutu, na chini ya kutu kulikuwa na rangi ingine.

Mathe alikuwa amesimama hapo na kikombe. Aliiangalia sana. Hakusema kitu. Alichukua ufunguo kutoka kwa mkono wa mzee, akaikwaruza ya pili mwenyewe.

Elfu kumi na moja za rangi nyeusi.

Ongeza mayai. Ukitoa yale matatu ya kawaida, siku mbaya tulikuwa tunapoteza 20 zaidi. Yai moja kwa bei yake ya kununua lilikuwa kama shilingi 14. Hiyo ni 280 kwa safari, 1,120 kwa wiki. Wiki tisa za hivyo na zaidi ya elfu kumi nyingine imeenda, bila mtu kuiba chochote tena. Ongeza tairi iliyolika. Ongeza mfugaji ambaye hadi leo wanaongea na mathe kwa ubaridi, na hakuwa na makosa.

"Sasa unataka mafundi wakule wapi?"

Najua hilo swali linakuja, kwa hivyo wacha nilijibu.

Mimi sichukii mafundi. Kuna watu wamekaa juani miaka ishirini, hawajaingia darasani, na wanaweza kusikia injini ikipita barabarani wakakuambia inaumwa wapi. Wengine wamefanya mtihani wa NITA wakapata gredi zao, wengine bado wanatafuta pesa ya kuufanya. Hao ndio wanaendesha hii nchi. Kama makanika wote wangelala siku moja, hakuna matatu ingetoka steji.

Lakini niambie, fundi anayeumizwa na mteja asiyejua ni yupi? Ni yule mwaminifu. Yeye anakuambia shoki mpya ni 9,600 na kazi ni 1,500. Mwingine wa pili anakuambia yote ni 6,000, kwa sababu anajua atapaka rangi. Wewe usiyejua unamkimbia wa kwanza ukimwita mwizi. Tukiwa wengi tusiojua, tunamfukuza mkweli kazini na kumlisha muongo. Mteja anayejua hamnyimi fundi mzuri kazi. Anamfanya alipwe haki yake bila kushindana na kopo la rangi.

Na ushahidi ni huu: baada ya shoki za nyuma, mzee alisema za mbele pia zimechoka. Hizo sikuzigusa. Tulitafuta fundi mwingine, mathe akasimama pale pale akiangalia, akauliza maswali, akaonyeshwa za zamani zikitoka na mpya zikitoka kwa boksi. Alilipa bila kulalamika. Fundi mwenyewe alifurahi. Alisema ni nadra kupata mteja ambaye haulizi bei peke yake.

Mahali pa kusimama

Kwa nini sikugusa za mbele? Hapa ndipo maoni yangu yana mpaka, na mpaka wenyewe ni mkali.

Kwa gari nyingi ndogo tunazoendesha hapa, shoki ya mbele imevaa springi. Springi hiyo imekunjwa na kufungiwa hapo, na imebeba nguvu nyingi. Ile nati ya juu katikati ndiyo inaishikilia. Ukiifungua bila kifaa cha kukaza springi, inaruka. Inaweza kuvunja taya, inaweza kuua. Hiyo si kazi ya ploti. Na kuna gari ambazo hata nyuma zimejengwa hivyo, shoki na springi pamoja. Kwa hivyo kabla hujagusa chochote, inama uangalie. Ukiona springi imezunguka shoki, funga buti, tafuta fundi. Ukiona springi kivyake na shoki kivyake, hapo tunaweza kuongea.

Kingine, usifanye peke yako mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na bahati kwamba mzee alitoka nje kuanika nguo. Wewe usingoje bahati. Kila mtaa una mtu mzima ambaye amewahi kushika spana na anangoja tu kijana mmoja amuulize kitu.

Na ukimaliza, endesha siku chache, kisha kagua nati zote tena. Za tairi pia. Hasa za tairi.

Kitu ambacho hatujaambiwa

Kuna sentensi tulilelewa nayo. "Soma, ama utakuwa makanika." Ilisemwa kwa upendo, najua. Wazazi wetu walitaka tuwe na ofisi na kiyoyozi. Lakini angalia vile ilitufanya. Tumekuwa kizazi kinachojua kuhariri video kwa simu, kujaza fomu za mtandaoni, kuandika barua ya kazi kwa kizungu cha kunyooka, na hakijui kufungua nati. Mikono michafu tumeifanya aibu, halafu tunashangaa tukidanganywa na kila mtu mwenye mikono michafu.

Nchi yetu inaishi kwa gari zilizotumika. Sheria inakubali gari iingie ikiwa na hadi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Inakuja na shoki ambazo zimefanya kazi miaka yote hiyo kwa barabara laini za Japani, halafu sisi tunaipeleka kwa matuta ambayo wakaaji wamejijengea wenyewe kwa mawe na simiti. Shoki zitaisha. Hilo si swali. Swali ni kama siku zitakapoisha utakuwa kwa benchi na soda, ama utakuwa umesimama pale ukiangalia.

Kama hutaki kushika spana kabisa, sawa, si lazima. Lakini chukua haya manne na uyatume kwa group ya familia. Nunua shoki ukiwepo, na uone boksi ikifunguliwa. Chukua risiti yenye jina la duka. Simama pale zikifungwa. Na ubebe zile za zamani uende nazo nyumbani, hata kama ni za kutupa. Fundi mwaminifu hatakasirika kwa lolote kati ya hayo. Atakayekasirika, umeshajua.

Sasa hivi mathe anavunja mayai mawili matatu kwa safari, kama zamani. Shoki moja ya zile zilizopakwa rangi bado tunayo. Ameiweka nyuma ya mlango wa stoo. Nilitaka kuitupa akakataa. Jirani akija kumwambia amepata mahali pa kubadilishiwa kitu kwa bei rahisi, haongei mengi. Anaitoa, anampa na ufunguo, anamwambia, "Hebu kwaruza hapo."

Kwenu ni nani aliwahi kusimama karibu na gari ikifunguliwa? Kama hakuna, anza wewe. Kwanza tafuta stendi.